Kosa Huandikiwa Barua: Niliyojifunza Katika Kamati ya Kuteua Wafanyakazi Hodari wa Chuo Kikuu

Nilipokabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kuteua wafanyakazi hodari katika chuo kikuu cha umma ninachofundisha, niliipokea barua ile kama mtu aliyepewa kazi nyepesi. Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa botania, nimezoea kusahihisha tasnifu na kupima machapisho ya wenzangu, na niliamini kwamba mtu aliyepima kazi za wanafunzi kwa miaka mingi hawezi kushindwa kumtambua mfanyakazi mzuri akimwona. Ilinichukua miezi mitatu kuliharibu jambo lile na karibu miaka miwili kulirekebisha, na ipo sehemu yake ambayo haikurekebishika hata leo. Ninaandika kwa ajili ya wale watakaopokea barua kama ile, ili wajue mapema mahali ambapo mimi niliteleza.

Utaratibu wenyewe, kwa asiyeufahamu, huanza kimyakimya. Mwezi Februari idara ya utumishi hupeleka waraka kwa kila ndaki, shule kuu na kurugenzi, ikiomba majina ya wafanyakazi wanaostahili kutambuliwa, wanataaluma na waendeshaji, yaani wafanyakazi wasiofundisha. Majina hurudi Machi, kamati huyachuja, menejimenti huyaridhia, na kilele chake huwa Mei Mosi, siku ambayo watu huvaa fulana na kofia zenye kauli mbiu ya mwaka, huandamana nyuma ya bango la chama chao, na waliochaguliwa huitwa mbele mmoja mmoja kupokea cheti na bahasha. Chama cha wafanyakazi huwa na mjumbe wake katika kamati, na taarifa hupita pia kwenye baraza la wafanyakazi, chombo ambacho taasisi za umma nchini Tanzania zimekuwa nacho tangu Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970 lilipotaka wafanyakazi washirikishwe katika uendeshaji wa mahali pao pa kazi. Ukiusoma utaratibu huo kwenye karatasi, huoni kinachokosekana.

Kosa la kwanza nililikuta tayari limekaa mezani, nami nikaliacha likae. Katika kikao chetu cha mwanzo mjumbe mmoja aliniegemea na kuninong'oneza, "Mwenyekiti, pale kwao mwaka huu ni zamu ya masijala, msisumbuke sana." Nikaja kugundua kwamba nusu ya vitengo havikuwa vikichagua mtu, vilikuwa vikizungusha. Wakuu wa vitengo walinieleza sababu bila kificho: zamu haizui ugomvi, na katika miaka ambayo mishahara haikupanda, bahasha ile ilikuwa msaada ambao kila mmoja alistahili kuuonja. Siwezi kuwadharau kwa hilo, kwa maana mtu anayelipa ada za watoto watatu ana haki ya kuitaka laki tatu kuliko kuutaka ubingwa. Lakini nilimuuliza baadaye mama mmoja wa masijala aliyewahi kuwa mfanyakazi hodari alijisikiaje siku ile, naye akanijibu kwa upole, "Nilijua ni zamu yangu tangu mwaka juzi, mwanangu. Pesa ilinisaidia, Mungu awabariki. Cheti sikumbuki nilikiweka wapi." Na huyu ni mtu ambaye, nilipokuja kuchunguza, aliwahi kulala ofisini usiku mbili bomba la maji lilipopasuka, akiyahamisha majalada ya wastaafu yasilowe. Jambo lile halikutajwa mahali popote siku alipopewa tuzo yake ya zamu.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na lilitokana na kiburi cha kitaaluma. Nilitaka tuwe na alama, ili asiwepo wa kusema kwamba tumependelea. Nikatengeneza fomu ya alama 100 yenye safu za machapisho, fedha za miradi, wanafunzi waliosimamiwa, na matokeo ya fomu ambazo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula kumtathmini mwalimu. Kwa waendeshaji nikaongeza alama za tathmini ya utendaji kazi. Serikali ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, ule ambao kila mtumishi wa umma aliujua kwa jina la OPRAS, na sasa nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Wazo lake ni zuri: mtumishi na msimamizi wake wanakubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapima mwishoni. Lakini fomu zilizonifikia zilikuwa zimejazwa zote katika juma moja, kwa wino wa kalamu moja, na karibu kila mtu alikuwa amefanya vizuri sana. Hazikunisaidia kumtofautisha yeyote na mwenzake.

Matokeo ya fomu yangu yangetosha kunishtua kama ningekuwa makini. Dereva aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi wetu kwenye kazi za nje, juu ya milima ya Uluguru na Usambara, kwa miaka 15, kwenye barabara ambazo masika hugeuka utelezi, alipata alama 11. Hapakuwa na safu ya ajali ambazo hazikutokea. Mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 12 alimpita kwa mbali kwenye tathmini ya wanafunzi mwenzake aliyebeba darasa la zaidi ya 300, na sisi tukazilinganisha namba zile kana kwamba zilipimwa kwa mizani moja.

Tatu, niliyaamini maelezo ya mistari miwili. Fomu ya mapendekezo ilikuwa na nafasi ndogo ya "sababu za kumpendekeza", na wakuu wa vitengo waliijaza kwa maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya mtu yeyote: mchapakazi, mtiifu, anawahi kazini, ana ushirikiano na wenzake. Nilipofunua majalada ya nyuma nilikuta kitengo kimoja kilichoandika sentensi ileile kwa watu watatu tofauti katika miaka mitatu. Niliona, nikafunga jalada. Ndiyo sababu nasema kwamba ubaya wa kamati kama hizi hauanzi na upendeleo. Huanza na uchovu wa watu wenye kazi nyingine nyingi wanaotaka kikao kiishe.

Sasa nieleze lililotokea, kwa sababu bila hilo ningeendelea kujiona nimefanya kazi nzuri.

Katika idara yetu kuna fundi sanifu wa maabara ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 58. Darasa la mwaka wa kwanza lilipopita wanafunzi 300 na hadubini zinazofanya kazi zikabaki 22, ndiye aliyetafuta njia ya kufundisha jamii za mimea bila kila mtu kungoja hadubini. Alitengeneza maboksi ya sampuli. Tanuri la kukaushia lilikuwa limeharibika, kwa hiyo aliunda kabati la mbao lenye balbu chini yake, akawa anakandamiza mimea kati ya magazeti na maboksi yaliyokatwa, akibadilisha magazeti kila siku ili majani yasiote ukungu, kisha anazigandisha sampuli kwenye friza kwa siku kadhaa kuua wadudu kabla ya kuzibandika kwenye karatasi ngumu. Kila boksi lilikuwa na karatasi 20 na ufunguo wa utambuzi aliouandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Wanafunzi walifanya kazi kwa makundi, boksi likizunguka. Mhadhiri kijana katika idara yetu aliandika mwongozo wa mazoezi ya vitendo unaotumia maboksi yale, mwongozo mzuri kwa kweli, na mkuu wa idara akampendekeza yeye kwa tuzo ya ubunifu katika ufundishaji.

Mhadhiri yule hakuiba kitu. Katika ripoti yake ya kurasa mbili alikuwa ameandika "tuliandaa maboksi ya sampuli pamoja na mwongozo wake", na mahali pengine aliwataja "mafundi wetu". Mimi ndiye niliyepewa kuifupisha ripoti ile iwe sentensi moja ya kusomwa uwanjani. Nikaandika: "Aliandaa maboksi ya sampuli na mwongozo wa kufundishia vitendo madarasa makubwa." Nilibadilisha kiambishi kimoja tu, kutoka *tu* kwenda *a*, kwa sababu tuzo ilikuwa ya mtu mmoja na sentensi ilipaswa kumhusu mtu mmoja. Sikumuuliza mhadhiri, sikupita maabara, ambayo iko hatua 40 kutoka ofisini kwangu. Sentensi ile ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote, na fundi wetu alikuwa amekaa chini ya hema pamoja na wengine, amevaa fulana ya mwaka ule, akipiga makofi.

Siku ya pili ya kazi alikuja mlangoni kwangu mchana, akasimama mpaka nilipomkaribisha.

"Daktari, samahani, naomba nikuulize jambo. Siulizi kwa ubaya."

"Uliza, Mzee."

"Yale maboksi yaliyosomwa juzi uwanjani, ni maboksi gani?"

Nilimweleza kuwa ni yale ya sampuli, ya mwaka wa kwanza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi sawa. Nilidhani labda yapo mengine ambayo sijayaona." Akaniaga, akarudi maabara kuandaa mazoezi ya kesho yake.

Sikupata usingizi usiku ule. Nilipomfuata asubuhi kumwomba radhi, hakutaka maneno mengi. Alitoa kabatini kaunta buku, moja kati ya kadhaa, ambamo tangu alipoajiriwa mwaka 1994 alikuwa akiandika kila alichokiandaa, tarehe, kwa ajili ya nani, na nini kiliharibika. Maboksi yote yalikuwemo, karatasi kwa karatasi. Kumbukumbu ya kazi yake ilikuwepo siku zote, imeandikwa vizuri kuliko ripoti yoyote iliyofika mbele ya kamati yangu, na hakuna aliyewahi kuiomba.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Niliomba kibali cha afisa utumishi nipitie jalada lake la kazi, nikitaka kuona kama aliwahi kutambuliwa huko nyuma. Jalada lilikuwa nene. Lilikuwa na barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za likizo, za kupandishwa daraja, na barua moja ya kutakiwa kujieleza kwa nini alichelewa kazini siku moja ya mwaka 2003. Majibu yake yalikuwepo pia, kwa mwandiko uleule wa kaunta buku: mtoto alikuwa amelazwa. Barua ya shukrani haikuwepo hata moja. Katika miaka ile yote alikuwa ameshukuriwa mara nyingi, nami ni shahidi, lakini kwa mdomo, kwenye korido, na katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu za watu ambao sasa ni madaktari wa falsafa. Nilichukua majalada mengine manne bila kuchagua, nikakuta hali ileile. Taasisi yetu ilikuwa imezoea kuandikia barua makosa, na mema ikayaacha yasemwe mdomoni, na msemaji akistaafu yanaondoka naye.

Kurekebisha kulikuwa na gharama ambayo sikuitarajia. Nilipopeleka dokezo la kusahihisha kumbukumbu, niliambiwa kwamba upo utaratibu wa kumnyang'anya mtu tuzo kwa kosa la nidhamu, lakini utaratibu wa kusema kuwa kamati ndiyo iliyokosea haupo. Ilichukua miezi minne ya madokezo kupanda na kushuka. Wakati huohuo maneno yalikuwa yamesambaa, na yalimwangukia asiyestahili: mhadhiri kijana alianza kuitwa mwizi wa kazi za watu. Alimpelekea fundi nusu ya fedha zake, fundi akazikataa, akimwambia kuwa mwongozo aliuandika kweli na jasho lake ni lake. Kwangu mimi mhadhiri yule hakuja tena kwa muda wa muhula mzima, na nilistahili. Niliandika barua kwa wote wawili, nakala kwa mkuu wa idara na kwenye majalada yao, nikieleza kwamba kosa ni langu na limetokea wapi hasa. Nikaomba isomwe kwenye kikao cha idara nikiwepo. Ukikosea hadharani, usirekebishe kwa faragha. Mtu aliyesikia kazi yake ikisomwa kwa jina la mwingine mbele ya wenzake hafarijiki kwa radhi ya chumbani. Lakini pia sikufanikiwa kuirudisha siku ile ya uwanjani, na wengi waliokuwepo hawakuwahi kuisikia barua yangu.

Katika fani yangu tuna desturi iliyonifanya nione aibu zaidi. Hakuna sampuli inayoingia hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, bila lebo yenye jina la aliyeichuma, tarehe, mahali na namba yake. Unaweza kukosea jina la mmea, na wataalamu watakuja kulisahihisha miaka 100 baadaye, lakini jina la mchumaji haliguswi. Na mara chache desturi hiyo hufika mbali zaidi. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani. Mwaka 2009 jenasi mpya, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ya mti wa Tanzania, wa jamii moja na mstafeli, iliitwa Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, aliyekuwa mtunza hebaria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majengo yetu ya vyuo huchukua majina ya marais na wakuu wa vyuo, na sina ugomvi na hilo. Lakini mtunza sampuli kupewa jenasi nzima ni tuzo ambayo haitafutwa na bajeti wala na uongozi mpya, nami nilikuwa nimeifundisha darasani mara kadhaa bila kuiona inanihusu.

Mwaka wa pili niliomba nisiondolewe kwenye uenyekiti. Tulianza mapema, Novemba, kwa sababu ya jambo moja ambalo ningependa kila kamati ilijue: fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo Mei Mosi huangukia wakati ambao mafungu mengi yamekwisha kukauka. Mwaka wa kwanza washindi wetu walipewa hundi za mfano, wakapigwa picha nazo, na fedha halisi ziliwafikia Septemba baada ya kufuatilia kwa mhasibu mara nyingi. Mtu anayebembeleza zawadi yake dirishani hana tena furaha nayo. Tuzo za Mei lazima ziombewe fungu wakati bajeti ya mwaka ule inaandaliwa, yaani mwaka mmoja kabla, na mwenyekiti ahakikishe kwa macho yake kwamba fungu lipo kabla ya kumtangazia mtu kiasi. Kwa kuwa hatukuwa na fungu la kutosha, tulipunguza idadi ya tuzo badala ya kupunguza kiasi cha kila mmoja, na tulilalamikiwa kwa hilo.

Fomu ya alama tuliiweka kando. Tuligawa makundi, wanataaluma kwa wanataaluma, mafundi kwa mafundi, madereva na walinzi na wahudumu peke yao, ili mtu apimwe na wanaoijua kazi yake. Tuliruhusu mtu yeyote apendekeze, mwanafunzi, mfanyakazi mwenza, hata aliyekwisha kuhitimu, kwa sharti moja: aeleze tukio au kazi moja mahususi, lini na wapi, na amtaje mtu mwingine anayeweza kuithibitisha. Sharti hilo peke yake liliondoa zaidi ya nusu ya mapendekezo, kwa sababu sifa za jumla hazina tarehe. Kisha wajumbe wawili walikwenda mahali pa kazi pa kila aliyebaki, na swali tulilokubaliana kulikazia lilikuwa hili: nani mwingine alifanya kazi hii? Tuliuliza kwa mpendekezwa mwenyewe, kwa msimamizi na kwa walio chini yake. Katika mapendekezo mawili jibu lilibadilisha kabisa tuzo, ikawa ya kundi. Ushauri wangu kwa wanaofupisha maelezo ya wengine ni kwamba wayarudishe kwa mwenyewe ayasome kabla hayajachapwa. Hili huokoa pia aibu ndogo ndogo, kama jina la baba kukosewa kwenye cheti, kosa ambalo mtu hulitazama ukutani kwake miaka yote.

Kuhusu zamu, hatukuimaliza. Vitengo viwili viliendelea nayo, na safari hii walileta tukio lenye tarehe kwa mtu wa zamu. Nililitazama jambo hilo kwa muda, nikaliacha, kwa kuwa angalau sasa waliketi wakakumbuka alichokifanya.

Lipo moja tulilolishindwa na linanikera mpaka leo. Wanafunzi 31 walisaini barua kumpendekeza dada anayefanya usafi katika jengo la mihadhara, aliyemkuta alfajiri mwanafunzi amezimia chooni akamkimbiza zahanati ya chuo kwa kumbeba pamoja na mlinzi. Lakini usafi siku hizi umekabidhiwa kampuni kwa zabuni, na yeye si mfanyakazi wa chuo. Kanuni hazikuturuhusu kumpa tuzo. Mlinzi alikuwa wa chuo, akapewa, yeye hakupewa. Tulimwandikia barua ya shukrani yenye nembo ya chuo, nakala kwa mwajiri wake, naye aliipokea kwa mikono miwili, lakini mimi najua kuwa watu wawili walimbeba mtoto yule na mmoja tu aliitwa mbele. Tumependekeza kanuni zirekebishwe ili wafanyao kazi ndani ya chuo kwa mikataba ya kampuni waweze kutambuliwa. Jibu bado halijatoka.

Jambo la mwisho tulilobadilisha lilikuwa ndilo jepesi kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito. Kila aliyechaguliwa aliandikiwa maelezo ya nusu ukurasa ya alichokifanya, yakasomwa yote hadharani, na nakala iliyosainiwa ikawekwa kwenye jalada lake. Tukaongeza barua fupi kwa kila aliyependekezwa na hakuchaguliwa, ikieleza nani alimpendekeza na kwa kazi gani, nayo pia ikaingia jaladani. Barua hizo hazikugharimu chochote zaidi ya karatasi na jioni kadhaa za wajumbe watano. Watu walinisimamisha njiani kunishukuru kwa barua za kutochaguliwa kuliko walivyonishukuru kwa tuzo. Mama wa masijala ndiye aliyekuwa akiziweka kwenye majalada, na mimi niliomba ruhusa ya kuandika moja juu ya majalada ya wastaafu na usiku mbili zile. Aliiweka mwenyewe.

Fundi wetu alipendekezwa na watu sita. Wanne walikuwa wahitimu wanaofundisha sekondari mikoani, ambao waliandika kuwa wanakausha mimea kwa kabati la mbao na balbu kama alivyowaonyesha, kwa sababu shule zao hazina tanuri. Wa tano alikuwa mhadhiri kijana, na pendekezo lake lilikuwa refu kuliko yote. Kamati ilimpitisha mimi nikiwa nje ya chumba. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu: wahadhiri waandamizi na maprofesa tuna umri wa lazima wa kustaafu wa miaka 65, lakini fundi sanifu huondoka akifika 60.

Nilimpelekea maelezo yake ayasome kabla hayajachapwa. Aliyasoma amesimama, karibu na dirisha, polepole. Akasahihisha mwaka mmoja. Kisha akasema, "Daktari, hapa mmeandika kwamba kabati nililibuni mimi. Umbo lake ni langu. Lakini kukausha kwa magazeti, kubadilisha kila siku, kuangalia ukungu kwa kunusa, hayo nilifundishwa na mzee niliyemkuta hapa nilipoanza. Alistaafu, akafariki muda mfupi baadaye. Kama inawezekana naomba aingie."

Inawezekana, nilimwambia. Kazi ikawa kulipata jina lake kamili, kwa sababu yeye alimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza tu, kama tulivyozoea kuwaita wazee. Masijala, jalada lake halikuonekana. Mama alilitafuta siku mbili katika chumba cha nyaraka za zamani. Hatimaye tulifungua makabati ya sampuli za zamani za kufundishia, zile ambazo hazitumiki tena, na kwenye lebo ya tawi la mvule lililochumwa mwaka 1978 tulilikuta, kwa mwandiko wa kalamu ya wino uliofifia: herufi ya kwanza ya jina lake, jina la baba yake, na namba 212. Tukaangalia nyingine, na nyingine. Alikuwa akijiandika hivyohivyo kwenye lebo zote. Tuliliandika katika maelezo kama alivyoliandika yeye, na siku ya Mei Mosi likasomwa uwanjani hivyo hivyo, pamoja na jina la fundi aliyeomba liwemo.